Alama sio mafuta: kasoro ya jaribio ninalolipenda

Mwaka jana, kwa siku tisa hivi, niliamini nimepata mmea unaochoma mafuta mwilini.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu, ambaye huko kijijini watu humwendea kwa dawa za tumbo na presha, alinipa mfuko wa majani makavu akaniambia nikayajaribu "kwenye hizo mashine zenu". Kina mama wanayatumia kupunguza kitambi, alisema. Mmea wenyewe sitautaja. Msimamizi wangu alikubali uwe mmoja kati ya mimea minne niliyokuwa naichunguza kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Basi nikakamua dawa kwenye majani yale, nikaiweka kwenye seli za ini zinazokuzwa maabara, nikazilisha seli mafuta yenye kaboni-14, nikapima hewa ukaa iliyotoka. Seli zilizopata dawa zilitoa kaboni-14 kwa asilimia 40 zaidi ya zile ambazo hazikupata. Nikarudia. Ikatoka hivyohivyo. Nikarudia mara ya tatu, safari hii na maombi kidogo, ikatoka tena.

Kaboni ilikuwa kwenye mafuta, sasa iko kwenye hewa. Kwa hiyo mafuta yamechomwa zaidi. Nani angebisha?

Alibisha msimamizi. Aliangalia grafu kama nusu dakika, akauliza: "Mafuta ambayo seli zilikuwa nayo kabla hujaweka ya kwako, uliyahesabu?"

Sikuwa nimeyahesabu. Na nilipoanza kupekua makala nilizokuwa nimezisoma na kuzinukuu, nikakuta wengi wa niliowanukuu nao hawakuyahesabu, au kama waliyahesabu hawakusema. Ndiyo maana leo naandika kukosoa jaribio hili. Sio kulibeza, maana ni miongoni mwa majaribio mazuri sana katika elimu ya umetaboli, na bila hilo tusingejua nusu ya tunachokijua kuhusu mafuta. Tatizo ni namna tunavyolisoma.

Kwanza tuelewane jinsi linavyofanyika. Unanunua asidi ya palmitiki, mafuta ya kawaida kabisa. Ndiyo iliyojaa kwenye mawese, na hata jina lake limetokana na mchikichi. Ni mnyororo wa kaboni 16. Watengenezaji wameuunda mnyororo huo ili baadhi ya molekuli ziwe na kaboni-14 kwenye nafasi ya kwanza badala ya kaboni ya kawaida, ambayo ni kaboni-12. Kaboni-14 ina nyutroni mbili za ziada, na hatimaye huoza ikawa naitrojeni. Haina haraka: ukiwa nayo gramu moja leo, itachukua miaka 5,730 nusu yake kuoza. Lakini atomu ni nyingi mno, kwa hiyo hata kiasi kisichoonekana kwa macho kinatoa ishara kila sekunde. Mikrokyuri moja, kipimo kidogo ambacho mwanafunzi anakishika kwa pipeti, ni mioozo milioni 2.22 kwa dakika.

Kila mwoozo unarusha elektroni dhaifu kiasi kwamba ukuta wa chupa ya kioo unatosha kuizuia. Kwa hiyo huwezi kupitisha kifaa juu ya chupa ukasikia tiki-tiki kama kwenye sinema. Inabidi sampuli yenyewe uichanganye na kimiminika maalumu kinachotoa mmweko wa mwanga kikipigwa na elektroni, halafu uiingize kwenye mashine yenye giza totoro ndani inayohesabu mimweko hiyo.

Mafuta hayayeyuki kwenye maji, hivyo unayabebesha kwenye albumini, protini ileile inayoyabeba kwenye damu. Unazimiminia seli zako, unaziba chupa, unasubiri kwa muda wa masaa mawili au matatu. Mdomoni umening'iniza kipande cha karatasi ya chujio kilicholoweshwa magadi makali ya sodiamu. Mwishoni unadunga asidi kupitia kizibo, hewa ukaa yote inafukuzwa kwenye kimiminika, karatasi inainasa. Unaitoa karatasi, unaihesabu. Ukiona mchoro wake kwenye kitabu unaweza kudhani ni kazi ya jikoni, na kwa kweli inakaribia.

Wazo la kutia alama kwenye mafuta ni la zamani kuliko mionzi hii. Mwaka 1904 Franz Knoop, Mjerumani, aligundua kwamba akigandisha pete ya benzini kwenye mkia wa asidi ya mafuta na kumlisha mbwa, pete hiyo haichomeki mwilini, inatoka kwenye mkojo ikiwa na kipande kilichobaki cha mnyororo. Mnyororo ukiwa na idadi shufwa ya kaboni, kinatoka kipande cha aina moja. Ukiwa na idadi witiri, cha aina nyingine. Akahitimisha kwamba mwili unakata mafuta kaboni mbilimbili. Hitimisho hilo limesimama mpaka leo, na mimi nikilifikiria bado nashangaa: mbwa, mkojo na akili, basi.

Lakini alama ya Knoop ilikuwa na kasoro iliyo wazi. Mafuta yenye pete mkiani ni mgeni. Unajuaje kama mwili unamtendea mgeni kama mwenyeji?

Aliyetatua hilo ni Rudolf Schoenheimer, daktari aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 na kupata nafasi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chuoni hapo ndipo alipokuwa Harold Urey, aliyegundua haidrojeni nzito. Schoenheimer akiwa na David Rittenberg, aliyetoka kwenye maabara ya Urey, walitengeneza mafuta yenye haidrojeni hiyo ndani yake, wakawalisha panya. Mafuta haya hayakuwa na mionzi. Yalikuwa mazito kidogo tu, na kwa kadiri ya panya yalikuwa mafuta. Wakati ule wataalamu wengi waliuona mwili kama injini: chakula ni mafuta ya taa, kinachoingia leo kinachomwa leo, na akiba ya mafuta chini ya ngozi ni debe lililowekwa stoo likisubiri siku ya njaa. Matokeo ya 1935 yakavunja picha hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyoliwa, hata yalipokuwa kidogo, ilikutwa kwanza kwenye akiba. Debe la stoo lilikuwa linajazwa na kumwagwa wakati wote.

Schoenheimer alifariki 1941 kwa mkono wake mwenyewe, na mihadhara aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya Harvard ilitolewa kama kitabu mwaka uliofuata, The Dynamic State of Body Constituents. Ni kitabu chembamba, kinasomeka kwa jioni mbili. Kama wewe ni mwanafunzi wa biokemia na hujawahi kukisoma, kitafute. Ila nina neno nacho. Kilitufundisha kwamba mwili haujatulia, na kilitufundisha vizuri mno, hata vizazi vilivyofuata vikazoea kuruka hatua moja: alama ikionekana mahali, tunasema kitu kimekwenda pale, na alama ikiwa nyingi, tunasema kitu kingi kimekwenda. Sentensi ya kwanza karibu kila mara ni kweli. Ya pili ni ya kubahatisha.

Kaboni-14 ilipatikana 1940 kwa kazi ya Martin Kamen na Sam Ruben kule Berkeley, na kuanzia 1946 kinu cha Oak Ridge kikaanza kuiuza kwa watafiti. Hapo ndipo mambo yalipopamba moto. Konrad Bloch, aliyewahi kufanya kazi na Schoenheimer, akafuatilia kaboni za asetati mpaka kwenye kolesteroli na kuonyesha kwamba zote 27 zinatoka huko. Nobel ya 1964 aliigawana na Feodor Lynen. Kazi safi. Swali la Bloch lilikuwa "hizi kaboni zimetoka wapi?", na hilo ndilo swali ambalo alama inalijibu bila kigugumizi.

Swali lililoleta vurugu ni jingine: je, mafuta yanaweza kugeuka sukari? Watafiti waliwapa wanyama asidi za mafuta zenye alama, wakakuta alama kwenye glukosi. Ungefanya nini? Ungesema ndiyo, yanageuka.

Hebu tuwaze duka. Unachukua noti ya elfu kumi, unaichora nukta nyekundu pembeni, unaenda kwa Mangi kuomba akubadilishie. Anaiweka noti yako kwenye droo, anakupa elfu tano mbili. Jioni polisi wa nukta nyekundu wanafungua droo na kuikuta noti. Je, duka limetajirika kwa elfu kumi? Halijapata hata senti. Noti imeingia, noti nyingine za thamani ileile zimetoka.

Mzunguko wa Krebs unafanya hivyohivyo. Mafuta yakikatwa yanaingia humo kama vipande vya kaboni mbili. Kila kipande kinaungana na chenye kaboni nne, na kabla mzunguko haujakamilika kaboni mbili zimeshatoka kama hewa ukaa. Hesabu ni sifuri. Ila kaboni mbili zinazotoka kwenye mzunguko wa kwanza sio zile zilizoingia. Zilizoingia zinabaki kwenye kipande cha kaboni nne, na ini likichota kipande hicho kutengeneza glukosi, alama inaonekana kwenye sukari. Wakati huohuo, kilichochotwa lazima kijazwe kutoka kwingine, mathalani kwenye protini, la sivyo mzunguko unakauka. Weinman, Strisower na Chaikoff waliliandika hili kwa marefu na mapana kwenye makala yao ya mapitio ya 1957, na nadhani ni moja ya makala za ukosoaji zilizoandikwa kwa uvumilivu mkubwa ambazo nimewahi kuzisoma. Hawakumwita mtu mjinga. Walichora tu kila atomu inakoenda.

(Kwa wale watakaoandika kulalamika: ndiyo, gliseroli inayoshikilia mafuta matatumatatu inaweza kuwa sukari. Na mimea ina njia yake. Mwaka huohuo wa 1957 Kornberg na Beevers walionyesha kwamba mbegu ya mnyonyo inapoota inageuza mafuta yake kuwa sukari kwa kuruka zile hatua mbili zinazopoteza hewa ukaa. Sisi hatuna vimeng'enya hivyo. Mnyonyo unatuzidi hapo.)

Sasa turudi kwenye aibu yangu, maana duka la Mangi lina chumba cha nyuma.

Tuseme kwenye droo kuna noti 100, zote zina nukta nyekundu, na Mangi anatumia noti 20 kwa siku. Ukisimama sokoni utahesabu noti nyekundu 20, utasema matumizi yake ni 20, na utakuwa sahihi. Ila Mangi ana noti nyingine chini ya godoro, hazina nukta. Asubuhi moja anachukua 100 kati ya hizo anazichanganya kwenye droo. Matumizi yake hayajabadilika, bado ni 20 kwa siku. Sokoni sasa utaona nyekundu kama 10. Wewe usiyejua habari za godoro utaandika: matumizi yamepungua kwa nusu.

Igeuze. Mangi amezoea kuchanganya. Siku moja mke wake anafunga mlango wa chumba na kuondoka na ufunguo. Droo inabaki na nyekundu tupu. Sokoni nyekundu zinapanda kutoka 10 hadi 20, nawe unakimbia kumwambia msimamizi wako kwamba umepata dawa inayoongeza matumizi.

Seli za ini zina godoro. Ni matone ya mafuta ndani yake, unayaona kwa hadubini yakimetameta kama shanga. Wakati wote seli inachota kwenye matone hayo na kuchanganya na mafuta unayoyaleta wewe kutoka nje. Hesabu tunayoifanya inachukua mioozo iliyokutwa kwenye karatasi na kuigawa kwa uwiano wa alama, yaani kila nanomoli ya mafuta ina mioozo mingapi, ili kupata nanomoli zilizochomwa. Uwiano huo tunaupima wapi? Nje, kwenye kimiminika tulichokichanganya wenyewe. Mafuta yanachomewa wapi? Ndani, kwenye mitokondria, baada ya kuchanganyika na ya godoro. Tunapima droo kabla haijachanganywa, halafu tunaitumia namba hiyo kana kwamba hakuna godoro. Dhana nzima ya jaribio iko kwenye mstari huo mmoja wa hesabu, na mara nyingi hauandikwi.

Ninachokosoa hasa ni kwamba kasoro hii haikupi majibu yenye ukungu ambayo yangekufanya ushuke moyo na kuangalia upya. Inakupa majibu safi. Tofauti kati ya chupa na chupa ni ndogo, ukirudia yanarudi yaleyale, takwimu zinakubali. Mimi nilirudia mara tatu, na kurudia hakukunisaidia chochote, kwa sababu godoro lilikuwepo mara zote tatu. Tunafundishwa kwamba jaribio likirudiwa likatoa jibu lilelile ni la kuaminika. Sawa, lakini mizani mbovu nayo inatoa jibu lilelile kila siku. Muulize yeyote aliyewahi kununua nyama.

Kuna kasoro nyingine ndogo, nipite haraka. Ukiweka alama kwenye kaboni ya kwanza, inatoka kwenye mkato wa kwanza kabisa, kwa hiyo hujui kama kaboni 14 zilizobaki zilichomwa au ziliachwa njiani. Na ini halichomi kila kitu hadi hewa ukaa: sehemu kubwa linaipeleka kwenye ketoni, ambazo zinabaki kwenye kimiminika. Ukihesabu karatasi peke yake umeziacha. Dawa ya hilo inajulikana: unaongeza asidi ya pakloriki, protini na mafuta mazima yanaganda na kuzama, unahesabu kilichobaki juu pia. Wanaoacha hatua hii wanaiacha kwa uvivu, na nasema hivyo nikijua niliwahi kuiacha.

Wengine watasema enzi za kaboni-14 zimepita, sasa tunatumia kaboni-13 isiyo na mionzi na mashine za kupima uzito wa molekuli. Ni kweli mashine hizo zinakuonyesha mengi zaidi; unaweza kujua kwenye molekuli moja ni kaboni ngapi zina alama, na ukipima mafuta ya ndani unaweza kuupata uwiano wa kweli. Ukiupima. Usipoupima, godoro ni lilelile, ila umelitazama kwa mashine ya bei mbaya.

Nani basi amelifanya vizuri? Mfano ninaoupenda haukupangwa na mwanasayansi yeyote. Kati ya miaka ya 1950 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani mpaka kaboni-14 kwenye anga ikakaribia kuwa maradufu. Mkataba wa 1963 ukazuia majaribio ya hewani, na tangu hapo kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, kadiri bahari na mimea inavyoinyonya. Mahindi yanakula hewa, sisi tunakula mahindi. Kila aliyeishi miaka hiyo, awe Moshi au Stockholm, alitiwa alama bila kuombwa ridhaa.

Watafiti wa Taasisi ya Karolinska waliitumia alama hiyo. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake walionyesha kwamba karibu asilimia 10 ya seli za mafuta za mtu mzima zinabadilishwa kila mwaka, awe mnene au mwembamba. Mwaka 2011 Peter Arner na wenzake wakapima mafuta yenyewe yaliyomo ndani ya seli hizo, wakakuta umri wake wa wastani ni miaka 1.6. Na mwaka 2019 wakaripoti watu 54 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 13: kadiri umri unavyosonga, mafuta yanaondoka kwa kasi ndogo zaidi, hata kwa wasionenepa.

Kwa nini nayaamini zaidi kuliko grafu yangu? Kwa sababu uwiano wa alama wa kilichoingia unajulikana. Kaboni-14 ya angani imepimwa mwaka hadi mwaka kwa miongo kadhaa. Hawa hawakukisia droo ina nini. Waliisoma kwenye kumbukumbu.

Lakini hata hapa usomaji wetu umepinda. Nimekutana na posti zinazosema "mwili wako unabadilisha mafuta yote kila baada ya mwaka na nusu". Hapana. Miaka 1.6 ni umri wa wastani. Humo kuna ya jana na kuna ya miaka mingi. Pia sampuli zilitoka chini ya ngozi, na mafuta yaliyozunguka utumbo huenda yana tabia zake. Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi: molekuli ya mafuta ikitoka kwenye seli usiku na kurudi asubuhi, kwa saa hii ya mabomu haijawahi kutoka. Saa inahesabu yaliyoondoka moja kwa moja. Wale panya wa Schoenheimer walituonyesha heka heka za kila siku, hawa wa Stockholm wametuonyesha kuhama kabisa, na mtu akikuuliza "mafuta yanazunguka kwa kasi gani?" inabidi umuulize kwanza anamaanisha mzunguko upi.

Mimi nilifanya nini na ile grafu? Nilianza upya kutokea upande wa godoro. Nikazilisha seli mafuta yenye alama usiku kucha ili alama iingie kwenye matone yenyewe, asubuhi nikaziosha, nikazipa chakula kisicho na alama, na kisha dawa ya mjomba. Sasa noti za chini ya godoro ndizo zilikuwa na nukta. Nikachambua mafuta kwenye bamba la kromatografia, nikayatokeza madoa kwa mvuke wa ayodini, nikakwangua kila doa na kulihesabu. Seli zilizopata dawa zilibaki na alama nyingi zaidi kwenye matone, na hewa ukaa yenye alama ilipungua. Nilipojumlisha pande mbili, mafuta ya nje na ya ndani, jumla ya yaliyochomwa haikuwa na tofauti ya kuizungumzia. Oksijeni iliyotumika nayo ilikuwa ileile, jambo ambalo ningeweza kulipima siku ya kwanza kwa kifaa kilichokuwa mezani kwa jirani yangu.

Majani ya mjomba yalikuwa yanafunga mlango wa chumba cha nyuma. Dawa ya kupunguza kitambi, kwenye seli zangu, ilikuwa inayafungia mafuta ndani.

Sentensi moja ya tasnifu ilibadilika, na pamoja nayo kurasa kumi na moja. Tangu hapo nikikuta grafu ya namna hii naangalia kwanza maandishi ya mhimili wa wima. Kama yanasema "mioozo kwa dakika", mwandishi ananiambia alichokiona, na ninamshukuru. Kama yanasema "asilimia ya kundi linganishi", naanza kutafuta kwenye sehemu ya mbinu kama kuna aliyepima mafuta ya ndani. Kama yanasema "nanomoli za mafuta yaliyochomwa" na sehemu ya mbinu haina neno kuhusu mafuta ya ndani, nafunga faili nikanywe chai.

Ilibaki kumwambia mjomba. Nilimpigia Jumapili, baada ya ibada.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Enhe, zile mashine zimesemaje?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza, Mangi, godoro na ufunguo. Alisikiliza kimya mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haiyachomi. Inayazuia yasitoke."

"Kwenye seli, mjomba. Za maabara, kwenye sahani. Kwa mtu mzima sijui kabisa."

"Nimekuelewa." Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wake akiwika kwa nyuma. "Basi hapa kuna kijana wa jirani amekonda sana, anataka kuoa mwezi wa kumi na mbili. Nimpe?"

"Usimpe, mjomba."

"Haya," alisema, na nilimsikia akicheka.